Uhakiki wa Istilahi: Gari la Kasi Lenye Turbo

Istilahi za ufundi aghalabu hupimwa kwa ufasaha wake. Sisi twaona kuwa kuna kipimo kingine kilicho kikali zaidi: je, msomaji akiifuata istilahi hiyo, atapata hasara? Tuchukue mfano wa mwongozo wa kununulia gari la kasi lenye turbo, lililokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Hapo neno likikosewa, alipaye ni mnunuzi.

Tuanze na jina la gari. "Gari la michezo" ni tafsiri ya neno kwa neno. Asiyelijua gari lenyewe huwaza gari la kuchezea watoto, au basi la timu. Linalokusudiwa ni gari la barabarani, fupi kwa kimo, lililoundwa kwa kasi na wepesi wa kukata kona. Twapendekeza liitwe "gari la kasi". "Gari la mashindano" libaki kwa magari kama Toyota Celica yenye turbo, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1984.

Jina la chombo chenyewe ni zito zaidi. "Kiongeza mwendo" halifai, maana kila gari lina pedeli ya kuongezea mwendo. Kazi ya chombo hiki, ambacho Alfred Büchi wa Uswisi alikipatia hataza mwaka 1905, ni kushindilia hewa ndani ya silinda. Moshi utokao katika injini huzungusha gurudumu dogo, na shafti yake huzungusha jingine lisukumalo hewa. Basi "kishindilia-hewa" lafaa kuwa jina la jamii nzima, pamoja na vile viendeshwavyo kwa mkanda wa injini. Kiendeshwacho kwa moshi kiitwe "turbo" tu, kama mafundi waitavyo. Neno hilo kwa Kilatini ni pia au kisulisuli, wala halikukosea: shafti yaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nayo kwa kawaida huelea katika oili ya injini. Mnunuzi akilielewa hilo, ataulizia kwanza oili ilibadilishwa lini.

Zipo pia dalili. Dereva akikanyaga mafuta, turbo huchukua kitambo kabla ya kuitika. Mfasiri akiandika "kusita", mnunuzi atadhani injini inakosa petroli, naye ataliacha gari zima. Yafaa aandike "kuchelewa". Hata hivyo, Toyota Supra ya mwaka 1993 iliyo na turbo inazo mbili, na ya pili hujiunga injini inapozidi kushika kasi. Isipojiunga kabisa, huo ni ubovu. Istilahi moja isibebeshwe maana zote mbili.

Kadhalika, "moshi mwingi" hautoshi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, kwa sababu ya turbo au ringi zilizolika. Mweusi ni petroli iliyozidi. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto aghalabu ni maji ya kupozea yanayopenya ndani, pengine kwa gasketi iliyoungua. Mfasiri anayeziacha rangi hizo anaacha gharama tatu zilizo mbalimbali.

Kwa hiyo twawasihi wafasiri wapeleke rasimu zao gereji kabla ya kuzipeleka kwa mpiga chapa. Fundi akizisoma akatambua kila kifaa na kila ugonjwa, istilahi zitakuwa zimefaulu.