Kiolezo Hujulikana kwa Majina

"Habari Mama , zimebaki dola 20 za masomo." Tazama nafasi iliyo kabla ya mkato. Jina lilitakiwa pale. Rekodi haikuwa nalo, programu ikanyamaza, ujumbe ukaenda vivyo hivyo. Mjuzi wa violezo vya ujumbe huanza ukaguzi hapo, kabla hajafungua msimbo.

Chukua shule ya sekondari huko Kadutu, Bukavu. Kwenye modeli ya ukumbusho wa ada, sifa ya ujumbe haihifadhi maneno kamili bali kiolezo chenye mapengo, na maktaba kama Liquid au Jinja huyajaza kutoka rekodi ya mzazi. (Jinja hii si mji wa Uganda; ni neno la Kijapani, hekalu.) Kwa kawaida Jinja ikikosa thamani huacha patupu. Fundi makini huwasha StrictUndefined: pengo likikosa cha kulijaza, kosa linatokea na ujumbe hauondoki.

Kisha pitisha kiolezo kwenye majina ya mji. Tangu siasa ya Mobutu ya authenticité, mwaka 1972, Mkongomani ana nom na postnom, na leo prénom pia. Modeli yenye nafasi mbili inamkata mtu. Bahati ni mwanamume au mwanamke? Jina halisemi, kwa hiyo "Papa" na "Mama" viwe sifa inayojazwa, visikisiwe.

Na jina kama Jérôme je? SMS moja hubeba herufi 160. Alfabeti yake ya kawaida ina é, haina ô. Herufi hiyo moja hushusha kikomo hadi 70, na ukumbusho wa herufi 100 unalipiwa kama SMS mbili. Anwani nayo ni mtihani mzuri: kinga iliyokusudiwa kurasa za wavuti ikiachwa imewashwa, "commune d'Ibanda" humfikia mzazi kama "commune d'Ibanda".

Kiswahili kina mtego wake. "Imebaki siku 1", lakini "zimebaki siku 3": kiolezo kinachobadili namba bila kugusa kitenzi bado hakijaiva.

Mwisho, nani anakiandika? Ikiwa ni sekretari wa shule, Liquid inafaa zaidi. Tobias Lütke wa Shopify, kampuni ya maduka ya mtandaoni, aliiunda ili wenye maduka wabadili maandishi bila kuendesha msimbo kwenye seva. Jinja nayo ina kinga kama hiyo, SandboxedEnvironment, ila mtengenezaji lazima aichague mwenyewe.