Kiwiko cha Djokovic hakikuwa tayari kwa Melbourne

Kucheza Australian Open, Melbourne, Januari 2018 lilikuwa kosa, na sizungushi maneno. Mwishoni mwa Desemba mcheza tenisi Novak Djokovic alijitoa kwenye mechi za maonyesho za Abu Dhabi kwa sababu kiwiko cha kulia kilikuwa bado kinauma, kisha akafuta na mashindano ya Doha. Wiki tatu hazijatimia, yumo uwanjani, mkono umevikwa soksi ya kubana, anacheza mechi za seti tano. Kiwiko kilichoshindwa maonyesho kingebebaje mzigo huo?

Mtazameni tena dhidi ya Chung, kijana aliyemtoa Melbourne. Katika mpira wa kuanzisha, nguvu hutoka mguuni, ikapanda nyonga, kiuno na bega. Kiwiko ni njia ya kupitia tu. Makocha wake, Agassi na Stepanek, walimfupishia mzunguko wa mkono ili kupunguza mkazo. Wazo zuri. Lakini mwendo mpya hujengwa kwa maelfu ya mipira ya taratibu mazoezini, si mbele ya kijana anayerudisha kila kitu. Akaachwa 4-0 mapema, akafungwa 7-6, 7-5, 7-6. Kila alipoanzisha alikuwa anausikiliza mkono kwanza, mpira baadaye.

Watasema alipumzika miezi sita tangu Wimbledon 2017, alipomwachia Berdych mechi. Nimeandika mara nyingi: kano haiponi kwa kulala. Inataka uzito unaopandishwa kidogo kidogo, na maumivu ya kesho yake ndiyo kipimo: yakizidi, rudi hatua moja. Na sindano za steroidi ambazo vijana wa klabu zetu wanazikimbilia? Kwa kiwiko kinachouma upande wa nje, hutuliza wiki chache, kisha baada ya mwaka waliochomwa huwa nyuma ya wasiochomwa.

Federer alionyesha njia. Baada ya Wimbledon 2016 alifunga msimu kwa ajili ya goti, akajipima kwanza kwenye Hopman Cup, ndipo akabeba ubingwa wa Melbourne 2017.

Ubingwa wa Djokovic wa Wimbledon Julai 2018 ulikuwa kazi safi. Ila upasuaji wa kiwiko ulifanyika mwanzoni mwa Februari mwaka huo, na haraka ikawa ile ile: Machi tayari alikuwa Indian Wells, akifungwa na Taro Daniel, seti ya mwisho 6-1.