Saa za ndoana majini

Boti inayorambaza kwa mwendo wa maili sita za baharini kwa saa, ikikaa kazini saa nane, huwa imekwenda maili 48, yaani kilomita 89 hivi. Mishipi yake ikitanuliwa kwa fito za ubavuni hushika upana wa mita 30, tuseme. Zidisha. Siku nzima ya mafuta, barafu na jua kali imepekua eneo lisilofika kilomita tatu za mraba. Mlango wa bahari kati ya Shimoni na Pemba peke yake una upana wa karibu kilomita 50, na ukitoka Watamu ukashika mashariki hukuti nchi kavu mpaka visiwa vya Shelisheli.

Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya nisisikilize sana maelezo ya bahati. Wageni wanaokodi boti Watamu, Malindi na Shimoni huambiwa jioni kwamba samaki wana siku zao, na ni kweli wanazo. Lakini kilomita tatu za mraba katika bahari ya namna hiyo haziwezi kukukutanisha na sulisuli kwa kubahatisha tu. Anayerudi na bendera tatu za sulisuli zinapepea juu ya fito amefanya mambo mawili: ameyachagua maji yake, na amezilinda saa ambazo ndoana zake zilikuwa humo, zikiwa na chambo kizima kinachoogelea sawasawa. Mengine yote, pamoja na rili za dhahabu na picha za Hemingway ukutani, ni mapambo. Hemingway alivua Malindi kweli, mwaka 1934, na jina lake limevuta wageni tangu hapo. Samaki halijavuta hata mmoja.

Tuanze na maji. Pwani ya Kenya ina mkondo mkuu unaokwenda kaskazini mwaka mzima, ukisukumwa na kusi mpaka ukaweza kufika maili nne kwa saa, kisha ukipungua sana wakati wa kaskazi. Wakati huohuo wa kaskazi, mkondo wa Somalia nao hugeuka na kushuka kusini. Mikondo hiyo miwili hukutana upande wa kaskazini wa pwani yetu na kulazimika kuelekea mashariki, na hapo maji ya chini, yenye baridi na rutuba, hupata nafasi ya kupanda. Rutuba hulisha vijidudu visivyoonekana kwa macho, vijidudu hulisha dagaa na simu, dagaa huita sehewa na vibua, na nyuma yao anakuja sulisuli. Ndiyo sababu miezi ya Novemba hadi Januari inasifika kwa sulisuli Watamu na Malindi, na nduwaro wa milia hufuata kuanzia Januari hadi Machi. Jodari wa mapezi ya njano ana msimu wake wa Agosti hadi Oktoba, kusi linapoanza kulegea. Mei hadi Julai boti nyingi hupandishwa juu zikapigwa rangi na kukaguliwa mashine, na mwenye boti anayekuuzia safari ya Juni kwa bei ya Januari anakuuzia mawimbi.

Kujua msimu, hata hivyo, ni kazi ya kalenda. Nahodha analipwa kwa kujua ukingo. Samaki hawa wakubwa hawatawanyiki sawasawa baharini, hufuata mipaka: pale kina kinapoporomoka ghafla, pale mikondo miwili inapogusana na kuacha mstari wa povu na mwani, pale maji ya kahawia yanapopakana na ya buluu. Malindi ina ukingo wa pekee kwa sababu ya mto Sabaki. Mvua za vuli zikinyesha bara, mto huo hutapika tope baharini, na kaskazi hulisukuma tope hilo kusini, mbele ya mji na kuendelea. Mgeni akiona maji machafu huomba yakimbiwe. Nahodha mzuri huyatafuta, kisha hutembea kando yake, upande wa maji safi, akijikunja kila mpaka unapojikunja. Samaki wadogo hujificha kwenye ukungu wa tope, na sulisuli anayewinda kwa macho huwavizia wakitoka.

Ndege humsaidia, mradi ajue kuwasoma. Membe wanaopiga mbizi mahali pamoja na kurudia wana chakula chini yao. Wanaoruka kwa mstari mmoja bila kuinamisha kichwa wako safarini tu, na kuwafuata ni kuchoma mafuta. Kipima kina kitaonyesha fungu la vidagaa katikati ya maji, ramani za setilaiti zitaonyesha joto la uso wa bahari tangu usiku uliopita, na vyote hivyo ni vizuri. Lakini nimeona kwamba wanaovitumia vizuri zaidi ni watu waliokulia kwenye ngalawa, ambao kabla hawajaiangalia skrini wameshaangalia rangi ya maji na jinsi wimbi linavyokaa. Mabaharia wengi wa boti za kukodi wametoka kwenye familia za wavuvi, na ujuzi huo haumo katika bei iliyoandikwa kwenye ubao wa hoteli.

Uamuzi mgumu kuliko wote ni wa kuhama. Imefika saa nne asubuhi, hakuna aliyegusa chambo, redio inasema boti nyingine imepata wawili maili kumi na mbili kusini. Ukivuta mishipi yote ndani na kukimbia, umepoteza karibu saa moja, sehemu ya nane ya siku, na mara nyingi unafika wakati samaki wamezama. Mimi naona nahodha anayehama mara moja kwa sababu aliyoiona mwenyewe majini ana maana. Anayehama mara tatu kwa sababu ya redio anamwonyesha mteja mandhari ya pwani.

Sasa saa zenyewe. Kazi ya kuzilinda huanza gizani, kabla mgeni hajaamka. Baharia anachukua chuchunge, anamkamua tumbo, anamvunjavunja uti wa mgongo kwa vidole ili alegee, anapitisha ndoana na kushona mdomo kwa uzi au waya mwembamba. Akikosea kidogo, ndoana ikavuta upande mmoja, samaki huyo akiwa majini atazunguka badala ya kuogelea. Chambo kinachozunguka husokota mshipi na humfukuza sulisuli aliyekuwa tayari kula. Kwa macho ya mgeni kila kitu kiko sawa: fito zimeinama, mishipi iko nje, boti inakwenda. Kumbe huo mshipi haupo. Boti yenye mishipi mitano ambayo miwili yake inazungusha chambo ina mishipi mitatu, na hakuna atakayekuambia.

Ndiyo maana baharia makini haketi. Kila baada ya nusu saa hivi anavuta mshipi mmoja mmoja, anaangalia kama chambo kimepasuka tumbo, kama kimekuwa laini kwa kulowa, kama mwani umejibandika kwenye ndoana. Mwani wa kidole kimoja unatosha kuua mshipi. Chambo kilichotiwa chumvi na kukaa kwenye barafu hudumu. Kilichoachwa kwenye ndoo juani hadi saa tatu kimekwisha kabla hakijaingia majini. Ukitaka kujua boti ni ya namna gani, usitazame mashine. Fungua sanduku la barafu.

Mpangilio wa mishipi nao una akili yake. Karibu na tezi, ndani ya povu la mashine, huburuzwa vishawishi visivyo na ndoana, vya rangi na kelele, vinavyofanana na kundi la samaki wanaokimbia. Kazi yao ni kumleta mwindaji karibu. Nyuma yao, kwenye maji yaliyotulia kidogo, kuna mishipi yenye chambo chenyewe, miwili mifupi, miwili mirefu, na pengine mmoja wa mbali kabisa katikati. Kwa chambo cha samaki mwendo ni wa taratibu. Kwa chambo bandia cha nduwaro boti inaweza kwenda maili saba hadi nane kwa saa. Kuchanganya vyote viwili kwa mwendo mmoja ni kosa la boti zinazotaka kumridhisha kila mtu: chuchunge anararuka au chambo bandia kinalala usingizi.

Halafu inakuja pembe nyeusi nyuma ya kishawishi, na siku nzima inaingia ndani ya sekunde kumi.

Sulisuli kwa kawaida hupiga kwanza kwa mdomo wake mrefu, kisha hurudi kula. Akikuta chambo kinamvuta, anakitema. Kwa hiyo baharia hulegeza rili, akigusa mshipi kwa kidole ili usijifunge, na kumwachia chambo kianguke kama kilichokufa. Anahesabu pole pole, tatu, nne, wakati mwingine tano. Kisha breki inapandishwa. Hapo wageni wengi humpoteza samaki, kwa sababu wameona filamu na wanaitupa fimbo nyuma kwa nguvu. Kwa ndoana ya duara, ambayo ncha yake imegeuzwa kuelekea ndani, hilo ni janga: ndoana hiyo inatakiwa iteleze yenyewe mpaka kwenye pembe ya mdomo, na ukiinyakua inatoka. Mshipi ukazwe tu, fimbo iinuliwe bila papara. Faida yake ni kwamba ni nadra samaki kuimeza mpaka tumboni, na anapoachiliwa anaishi. Boti zinazojua kazi hutumia dakika kumi za njiani kumfundisha mgeni: baharia anashika mwisho wa mshipi, anauvuta kama samaki, mgeni anahesabu na kupandisha breki. Dakika hizo kumi zinaokoa samaki wengi kuliko rili ya bei yoyote.

Breki yenyewe inastahili maneno zaidi, maana wengi huielewa kinyume. Kanuni ya kawaida ni kuiweka karibu na theluthi moja ya uzito unaokata mshipi. Mshipi wa kilo 15 hupewa breki ya kilo nne hadi tano, na hupimwa kwa mizani kabla ya kutoka, maana mkono hudanganya. Samaki akikimbia mita mia mbili, mgeni huogopa na kuikaza. Lakini kadiri mshipi unavyotoka, duara la mshipi uliobaki kwenye rili linakuwa dogo, na duara likifika nusu ya lilivyokuwa, nguvu inayohitajika kulizungusha huongezeka mara mbili bila mtu kugusa kitu. Ongeza uzito wa maji yanayokokota mshipi wote ule uliopinda. Anayekaza wakati huo anajikatia mwenyewe. Anayejua hulegeza kidogo na kumwachia nahodha kazi ya kupunguza umbali kwa boti.

Na nahodha, kwa upande wake, asisimame haraka. Sulisuli huwinda kwa makundi. Mmoja akishanasa, boti ikiendelea mbele pole pole kwa muda mfupi huku mishipi mingine ikiwa bado nje, wa pili na wa tatu huja. Nahodha anayezima mwendo papo hapo ili mgeni apige picha ametupa nusu ya nafasi yake.

Samaki akifika ubavuni kazi inabadilika. Kumchosha kwa saa nzima kwa mshipi mwembamba ili kujisifu ni kumuua hata kama utamwachilia. Baharia huvaa glovu, hushika nailoni nene ya mwisho, kisha mdomo, kichwa kikibaki majini huku boti ikisogea ili maji yapite kwenye mashavu. Alama ndogo huchomekwa karibu na pezi la mgongoni, mahali na uzito wa kukadiria vikaandikwa. African Billfish Foundation, yenye makao Watamu, hukusanya taarifa hizo kutoka kwa boti, na samaki mwenye alama akikamatwa tena, safari yake huonekana. Jodari, nguru na fulusi ni habari nyingine. Hao huenda jikoni, na sina neno la kuwatetea.

Kuna jambo jingine linaloharibu safari nyingi hata zikiwa na samaki: mteja na nahodha hawakukubaliana. Mteja mmoja alitaka nduwaro mmoja mkubwa na yuko tayari kukaa siku nzima bila kitu. Mteja mwingine aliwaleta watoto na anataka mishipi itikisike. Hayo ni maji tofauti, chambo tofauti, hata saa za kutoka tofauti, kwa kuwa upepo wa kaskazi huongezeka mchana na mkondo unaokwenda kaskazini hukutana nao uso kwa uso, mawimbi yakawa mafupi na yenye kusimama. Mtoto aliyetapika saa tano hahitaji sulisuli. Wapo pia wanaotaka upanga, yule samaki wa vilindi anayepanda usiku, na huyo kwa kawaida hutafutwa kwa kulala baharini. Na kuna suala la samaki ni wa nani: kwenye boti nyingi za kukodi desturi ni kwamba mzigo ni wa boti, mgeni akapewa kitoweo. Anayelijua hilo bandarini halimkeri jioni.

Kabla ya kulipa, basi, nenda bandarini alasiri boti zinaporudi, usiwe na haraka. Uliza mishipi iliingia majini saa ngapi na ikatoka saa ngapi. Uliza nani alishona chambo na saa ngapi. Uliza breki zilipimwa kwa kitu gani. Vesti za kuokolea, redio na mashine ya pili uzione kwa macho yako. Ukimkuta nahodha anayeanza kwa kukuonyesha picha za samaki wa mwaka juzi, msikilize kwa adabu, kisha umtafute baharia wake umuulize kuhusu chuchunge.