Mfaransa au Mwitaliano: hukumu ya jiko la Iringa na Mbeya

Ubishi kati ya wapenzi wa mapishi ya Kifaransa na wapenzi wa mapishi ya Kiitaliano huwa unafia mahali pamoja: kila mtu na ulimi wake, tuyaache. Ni kweli ulimi hauna hakimu. Lakini kabla chakula hakijafika mdomoni kimeshapita kwenye moto, kwenye sufuria na mikononi mwa mtu, na huko kuna mambo yanayopimika: moto umewaka muda gani, vyombo vingapi vimechafuka, nani alisimama jikoni, na vitu vya kupikia vimetoka umbali gani. Nikiyapima hayo kwa jiko la Nyanda za Juu Kusini, hasa Iringa na Mbeya, naegemea Italia, na sababu yangu si utamu. Mwitaliano anatumia moto wake kupika kile kitakacholiwa. Mfaransa, katika mapishi yale yaliyompa jina duniani, anautumia kwa sehemu kubwa kupika vitu vya kupikia vitu vingine.

Vitabu viwili vinaionyesha tofauti hii vizuri. Auguste Escoffier alichapisha Le Guide culinaire mwaka 1903, akiwa ameongoza majiko ya hoteli za Savoy na Carlton mjini London. Mambo ya kwanza anayoyashughulikia ni supu za mifupa na rojo za msingi, kwa kuwa jiko lake lina watu waliogawiwa kazi: huyu wa rojo, yule wa nyama za kuoka, mwingine wa mboga, mwingine wa keki. Chukua rojo ya kahawia inayoitwa espagnole. Mifupa inaokwa, inachemshwa saa nyingi, inachujwa. Unga unakaangwa kwa siagi mpaka ubadilike rangi. Viwili hivyo vinaunganishwa, vinaongezwa mboga na nyanya, vinachemka tena huku povu likienguliwa, vinachujwa tena, kisha vinaongezwa supu nyingine na kupunguzwa kwa moto hadi ipatikane demi-glace. Kufikia hapo bado hakuna aliyekula kitu. Kilichopatikana ni cha kuchota kijiko na kuanzia rojo nyingine. Miaka 12 kabla ya Escoffier, mwaka 1891, Pellegrino Artusi alichapisha kwa fedha zake mwenyewe, mjini Firenze, kitabu cha La scienza in cucina e l'arte di mangiar bene. Artusi alikuwa mfanyabiashara, hakuwa mpishi wa kuajiriwa, na aliwaandikia watu wa nyumbani. Mpishi wake ana jiko moja, mikono miwili na soko la mtaani. Mama lishe wa soko la Mwanjelwa mjini Mbeya au wa soko kuu la Iringa hana haja ya kujua Kiitaliano ili ajitambue katika mazingira hayo.

Kipimo cha haki ni nyanya, kwa sababu wote wawili wana rojo yake. Ya Escoffier inaanza na mafuta ya nguruwe, karoti na kitunguu. Unafuata unga, kisha nyanya, kisha supu nyeupe ya mifupa iliyoandaliwa pembeni, na vyote vinawekwa motoni kwa muda mrefu kabla ya kuchujwa. Ya Artusi ni nyanya, kitunguu, kitunguu saumu, majani ya kunukia, mafuta na chumvi, vikachemka pamoja na kuchujwa. Sasa simama Ilula, wilayani Kilolo, kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya, mahali ambapo matenga ya nyanya yamekuwa alama ya safari. Aina kama Tanya na Cal J zinapendwa na wakulima na wachuuzi kwa sababu nyama yake ni nene, haina maji mengi, na inavumilia safari. Sifa hizo zilizotafutwa kwa ajili ya lori ndizo hizohizo zinazotafutwa na anayetaka rojo nzito bila kuongeza kitu. Nyanya ya namna hiyo ikikatwakatwa na kuachwa kwenye kitunguu kilichokaangwa, inakuwa nzito yenyewe. Unga na supu ya mifupa haviongezi ila kazi. Na mpishi wa huku anajua bila kuambiwa wakati wa kuacha kukoroga: nyanya zinapoiva mafuta yanajitenga na kupanda juu. Akitaka uzito zaidi anaunga kwa karanga zilizotwangwa au nazi, vitu vinavyoliwa kwa faida yake vyenyewe. Kwa kanuni, hilo liko karibu na Artusi kuliko Escoffier.

Mtetezi wa Ufaransa ana jibu hapa, na ni jibu zuri. Atasema ragù ya Bologna, rojo ya nyama, nayo inakaa motoni saa tatu, kwa hiyo hesabu ya moto inawabana wote. Naikubali saa, lakini siikubali hesabu. Ragù ni sufuria moja. Ikishaiva inawekwa juu ya tambi na watu wanakula, kama maharage yanavyotokota jioni nzima huku mpishi akifanya mengine. Espagnole inadai macho, chujio na sufuria ya pili na ya tatu, na mwisho wake ni kiungo. Tena urefu wa ardhi unaongeza gharama. Miji ya Iringa na Mbeya iko takriban mita 1,500 hadi 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 badala ya 100. Maharage yanachelewa kuiva, nyama inachelewa kulainika, hata tambi zinataka dakika kadhaa zaidi ya zilizoandikwa kwenye pakiti. Anayenunua mkaa au gesi kwa fedha yake analipia kila hatua ya ziada. Kwa mapishi ya hatua moja hasara hiyo inavumilika. Kwa yale ya hatua nne zinazofuatana, inajumlishwa mara nne.

Pingamizi la pili ni la kihistoria: kwamba Italia inaonekana karibu kwa sababu tu Waitaliano walikuja. Ni kweli walikuja. Wamisionari wa Consolata, shirika lililoanzishwa Torino mwaka 1901 na Giuseppe Allamano, walifika Iringa mwaka 1919 na kushika Tosamaganga baada ya Wabenediktini wa Kijerumani kuondolewa na Vita Kuu ya Kwanza. Walitoka Piemonte, eneo ambalo sima ya mahindi iitwayo polenta ilikuwa chakula cha kila siku cha wanakijiji. Walikuta watu ambao nao wanategemea mahindi, na tofauti iliyobaki ilikuwa ya ufundi. Polenta ni unga wa chengachenga unaonyunyizwa kwenye maji mengi, mara nne ya unga au zaidi, ukakorogwa karibu dakika 45 kwa sababu chenga kubwa zinachelewa kunywa maji. Ugali unakwepa kungoja huko kwa ujanja wa hatua mbili: kwanza uji, ambamo unga laini unaiva sawasawa ukiwa na maji ya kutosha, halafu unga mkavu unaoongezwa na kusongwa kwa mwiko ukinyonya maji ya uji ule. Kwa upande wa kuni, ugali umemshinda Mwitaliano waziwazi. Lakini kuwapo kwa wageni hakutoshi kueleza kila kitu. Mapadri wa Roho Mtakatifu, shirika la Kifaransa, walikuwa Bagamoyo tangu 1868, nusu karne kabla ya Consolata kufika Iringa. Walicholeta kikadumu ni mche wa kahawa aina ya Bourbon kutoka kisiwa cha Réunion, na damu ya Bourbon imo katika kahawa inayolimwa Mbozi hadi leo. Sufuria za Bagamoyo hazikuchukua kitu. Ufaransa ilipita shambani, jikoni haikupita, na hilo linahitaji sababu nyingine zaidi ya nani alitangulia.

Sababu hiyo inaonekana wazi zaidi kwenye jibini. Njombe, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi ilipofanywa mkoa mwaka 2012, ina kiwanda cha maziwa kilichojengwa kwa ushirikiano wa wafugaji wadogo na shirika la CEFA la Bologna, shirika lililokuwa likifanya kazi katika kijiji cha Matembwe tangu miaka ya 1970. Kikatengeneza jibini za Kiitaliano kama mozzarella na caciotta. Kwa nini mozzarella, na kwa nini si camembert? Baridi ya Njombe ingeifaa camembert kabisa. Tatizo ni muda na mtaji. Camembert hupandwa kuvu jeupe, kisha hulazwa wiki kadhaa kwenye chumba cha nyuzi 12 au 13 chenye unyevu mwingi usiobadilika. Umeme ukikatika au kuvu la mwituni likiingia, umepoteza maziwa ya wiki nzima, na muda wote huo mfugaji hajalipwa. Mozzarella inaanza kwa maziwa ya uvuguvugu yaliyogandishwa, mgando unaachwa uchachuke hadi kiwango fulani cha ukali, halafu unaingizwa kwenye maji ya moto sana na kuvutwa mpaka ung'ae. Maji yale yanaunyoosha mgando na papo hapo kuua sehemu ya vijidudu, jambo lenye uzito pale maziwa yanapokusanywa kutoka kwa wafugaji wengi wenye ng'ombe mmoja au wawili. Siku hiyohiyo au kesho yake bidhaa iko tayari kuuzwa. Mtu anaweza kunikumbusha kwamba Parmigiano-Reggiano hukaa angalau miezi 12 na kwamba Wafaransa wana jibini zao za kuliwa mbichi. Sawasawa, na ndiyo maana sisemi pasipoti ya jibini ndiyo iliyoamua. Iliyoamua ni njia fupi, na njia fupi iliyofika Njombe ilikuwa ya Kiitaliano.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka Mbeya, na hapa msimamo wangu unapunguzwa. Mchele wa Kyela ni mrefu, unanukia, na sifa yake ni punje kuachana. Risotto inataka kinyume chake: punje fupi nono kama Arborio au Carnaroli, zinazomwaga wanga wake zinapokorogwa na supu kidogokidogo hadi ziwe uji mzito. Kukoroga Kyela namna hiyo ni kukipiga vita kile kilichowafanya watu waulipie zaidi. Anayeuelewa mchele huo ni Mfaransa: pilafu ya Escoffier inakaanga kitunguu na mchele kwa siagi, inamwaga supu mara mbili ya mchele, inafunika, na haigusi tena hadi maji yakauke. Hiyo ni pilau isiyo na viungo, nasi tulishaipata kwa njia ya Bahari ya Hindi bila kumsubiri Escoffier. Kadhalika viazi mviringo vya Uporoto na maziwa ya Rungwe: vikatwe vyembamba, vipangwe, vimwagiwe maziwa na krimu, viokwe polepole, umepata gratin ya Dauphiné kwa vitu vya mkoa mmoja. Chombo kimoja, hatua moja, chakula kinaliwa. Mtu ataniambia huu ndio Ufaransa wa kweli, ule wa vijijini, na kwamba nimeuonea kwa kulishindanisha jiko lake la hoteli na jiko la nyumbani la Italia. Nakubali kwamba pot-au-feu, nyama na mboga zilizochemshwa pamoja kwenye chungu, ingeishi kwa amani na supu ya hapa, na hata na mbalaga ya Wanyakyusa, ambayo msingi wake ni ndizi za kupika. Lakini Ufaransa wenyewe ndio uliochagua kujitangaza kwa jiko la hoteli, ukalifanya mtaala wa vyuo vya upishi na lugha ya menyu za dunia. Anayehukumiwa ni yule aliyejileta mahakamani.

Hoja ya kwamba bila mafuta ya zeituni na ngano ngumu hakuna Italia hainisumbui sana. Kaskazini ya Italia, huko huko kulikotoka polenta, walipika kwa siagi na mafuta ya nguruwe kwa vizazi vingi. Alizeti iliyosafishwa inakaanga kitunguu vizuri tu. Ile ya mashine ya kijijini, yenye harufu kali, ni bora iachwe kwa mboga za majani. Ngano ngumu ndiyo pengo halisi, kwa sababu tambi za ngano laini zikipita moto kidogo zinakuwa ubwabwa, na huku maji yasiyofika nyuzi 100 yanamfanya mpishi azidishe dakika bila kuonja. Dawa ni kuonja.

Kwa hiyo hukumu yangu haigawi mkoa kwa mkoa sawasawa. Kwa nyanya, maharage na jibini changa, ambavyo ni sehemu ya kinacholiwa Iringa na Njombe, njia ya Kiitaliano ndiyo inayoheshimu mkaa na mfuko. Kwa mchele wa Kyela na viazi na maziwa ya Rungwe, Mfaransa wa kijijini anastahili kusikilizwa. Wenye hoteli za Iringa na Mbeya wanaoandika spageti bolognese kwenye menyu, kisha wanafungua kopo la nyanya iliyosagwa na kuifanya nzito kwa unga, nawaomba jambo moja dogo: nunueni tenga la Ilula wakati wa msimu, bei inapokuwa chini, pikeni rojo ya kutosha siku nzima kwa kitunguu na mafuta tu, msitie unga, kisha wageni waamue.