Ndago na Jirani Zake: Njaa au Sumu?

Katika magugu yote yaingiayo bustani za mijini bila ya hodi, hapana lililolaumiwa kuliko ndago. Na mwaka 1977, Leroy Holm na wenzake walipotoa kitabu chao juu ya magugu mabaya kupita yote duniani, ndago waliiweka ya kwanza, mbele hata ya ukoka. Mwenye matuta yake Dar es Salaam au Mombasa hana haja ya kitabu kumwarifu hayo, maana vitunguu vyake amekwisha kuviona vikinyong'onyea katikati ya majani yale membamba yanayometameta, ilhali maji havikukosa wala samadi haikupungua. Lisilo bayana, nalo ndilo nikusudialo kulichambua hapa, ni njia ambayo ndago humdhuru jirani yake, na zaidi ya hilo, taratibu zilizotumiwa na wataalamu kuitafuta njia hiyo. Kwa kuwa dhara moja laweza kuwa na asili mbili, ama ndago inamnyang'anya jirani chakula, maji na mwanga, ama inamtilia sumu udongoni, na jani lililogeuka manjano halisemi ni lipi kati ya hayo mawili lililolipata.

Tuanze na mmea wenyewe. Ukiichimbua ndago moja polepole kwa ncha ya kisu, badala ya kuivuta ikakukatikia mkononi, utaona kwanza bua lenye pembe tatu, kisha chini yake uvimbe mdogo, na kutoka katika uvimbe huo nyuzi nyeupe zinazotambaa kila upande, ambazo zikikomaa hugeuka nyeusi na ngumu, na juu ya nyuzi hizo viazi vidogo vimepangana kama punje za tasbihi, kimoja baada ya kingine, vikiwa na harufu kali isiyochukiza. Kila kiazi kina macho kadhaa. Maadamu uzi ni mzima, machipukizi ya mbele huyazuia macho ya nyuma yasiamke. Lakini jembe likipita na kuukata uzi vipande vipande, kizuizi hicho huondoka, na kila kiazi huchipua kwa hiari yake. Ndiyo maana mtu hulima tuta lake kwa juhudi siku ya Ijumaa, na baada ya juma moja akaona ndago imezidi ilivyokuwa. Sehemu kubwa ya viazi hivyo hukaa katika ile shubiri moja ya juu ya udongo, ambamo pia mchicha, nyanya na vitunguu hutafuta riziki yao.

Dhana ya sumu si ngeni. Mwaka 1937 Hans Molisch, mwanachuoni wa mimea wa Austria, aliandika kitabu juu ya mimea inayoathiriana kwa kemikali, na athari hiyo akaiita alelopathia. Ndago ilionekana kufaa sana kwa dhana hiyo, kwa sababu viazi vyake vimejaa mafuta yenye harufu, yale yale ambayo watengenezaji wa manukato wa Bara Hindi huyakamua na kuyauza, na humo pia zimo asidi ambazo kwa kiasi cha kutosha huzuia mbegu kuota. Basi wengi walifuata njia iliyo nyepesi: wakakausha viazi, wakavisaga, wakaviloweka majini, wakachuja, na maji yale wakayamwagia mbegu za nyanya au za figili zilizotandazwa juu ya karatasi katika kisahani cha kioo. Mbegu zikachelewa kuota, mizizi ikatoka mifupi, na hukumu ikatolewa hapo hapo.

Ushahidi huo naona ni dhaifu. Kiazi kilichosagwa hutoa vitu ambavyo kiazi kilicho hai, chenye ganda lake, huenda kisivitoe maisha yake yote. Karatasi haina udongo wa kuzinasa kemikali hizo wala vijidudu vya kuzila. Fauka ya hayo, maji mazito yenye sukari na chumvi nyingi huzuia mbegu kufyonza maji hata kama hayana sumu yo yote, na kwa hivyo mtafiti mwangalifu hana budi kuweka kisahani kingine chenye maji mazito kadiri ile ile, yaliyokolezwa kwa kitu kisichodhuru, ndipo alinganishe. Wengi hawakuweka kisahani hicho.

Hatua iliyo bora zaidi ilichukuliwa Israeli na Horowitz na Friedman, waliotoa matokeo yao mwaka 1971. Hao walichukua sehemu za chini ya ardhi za magugu matatu, ndago ikiwa mojawapo, wakazichanganya na udongo hasa, kisha wakapanda shayiri humo, nayo shayiri ikadumaa. Hapa tumetoka katika kioo na kuingia katika udongo, na hilo si jambo dogo. Walakini limebaki swali moja: viazi vilivyojaa wanga vinapooza, vijidudu vinavyovila huhitaji naitrojeni, na naitrojeni hiyo huichukua katika udongo ule ule, mmea mchanga ukabaki na njaa, hivyo shayiri yaweza kudumaa kwa sababu ya uozo tu, bila ya sumu kuhusika.

Mwenye kudhani kwamba nadadisi kupita kiasi na aikumbuke habari ya California. Huko kulikuwa na vichaka vyenye harufu vilivyozungukwa na ukanda mtupu usioota nyasi, na mwaka 1964 Cornelius Muller na wenzake walitangaza kwamba mvuke wa majani ya vichaka hivyo ndio uliokuwa ukiziua nyasi. Hoja ilipendeza, picha zilizochukuliwa kutoka angani ziliuonyesha ukanda ule wazi kabisa, na walimu wakaifundisha kwa furaha. Miaka sita baadaye Bruce Bartholomew alifanya jambo ambalo hata mtoto angeweza kulifikiri: aliweka vizimba vya waya katika ule ukanda mtupu, wanyama wasiweze kuingia. Nyasi zikaota ndani ya vizimba. Panya, sungura na ndege waliojificha vichakani walikuwa wakitoka kula mbegu na miche iliyo karibu, wala hawakuthubutu kwenda mbali na maficho yao. Mvuke wenyewe ulikuwapo, na maabarani ulizuia kweli. Lakini jambo kuwapo si hoja ya kuwa ndilo lililotenda.

Kazi ya kutenganisha njaa ya juu, yaani ya mwanga, na njaa ya chini, yaani ya chakula na maji, ilikuwa imekwisha kupata chombo chake mwaka 1958 kwa hikima ya C. M. Donald wa Australia. Alipanda aina mbili za majani ya malisho katika hali nne: katika hali ya kwanza mimea iligawanywa kwa viambaza juu na chini, isigusane kabisa; katika ya pili mizizi ilichanganyika na majani yakatengwa; katika ya tatu majani yalichanganyika na mizizi ikatengwa; katika ya nne hapakuwa na kiambaza cho chote. Uzuri wa mpango huu ni kwamba kila hali huisahihisha mwenziwe, na mtu hakisii tena, anapima. Donald aliona kwamba mashindano ya juu na ya chini yakikutana hasara huwa kubwa kuliko ya kila moja peke yake, kwa sababu mmea ulionyimwa chakula hukosa majani ya kugombea mwanga, na ulionyimwa mwanga hukosa nguvu ya kupeleka mizizi. Hata hivyo viambaza havimalizi shauri la sumu, kwa kuwa mizizi iliyochanganyika hugombea chakula na hupokezana kemikali kwa wakati mmoja. Wako waliotia udongoni mkaa maalumu unaonasa kemikali, wakatazama kama jirani ataneemeka. Nao wakaja kuambiwa kwamba mkaa huo hubadilisha chakula cha udongo pia, na huweza kuunenepesha au kuudhoofisha mmea hata pasipo na adui.

Sasa tuje kwenye mboga. William na Warren, katika majaribio ya Brazil waliyoyatangaza mwaka 1975, waliiacha ndago ishindane na mboga msimu mzima, na hasara ikawa hivi: kitunguu saumu asilimia 89, bamia 62, nyanya 53, kabichi 35. Tarakimu hizi kwangu zina thamani kuliko visahani vingi vya kioo, kwa maana zina mpango ndani yake. Kitunguu saumu kina majani membamba yaliyosimama wima, hakimtilii mtu kivuli. Kabichi hufungua majani mapana mapema na kuufunika udongo. Bamia, ijapokuwa huishia kuwa ndefu, huanza polepole na kumwachia adui wake majuma ya mwanzo. Na ndago kivuli haikiwezi: ikikosa jua, hupunguza viazi. Kama sumu ingekuwa ndiyo sababu kubwa, sioni kwa nini upana wa majani ya jirani ungekuwa na neno.

Lipo jambo jingine linaloafikiana na hayo. Ndago hutengeneza chakula chake kwa ile njia ya kaboni nne, inayoneemeka katika jua kali na joto na kuyatumia maji kwa uchumi, ilhali vitunguu, nyanya, bamia na kabichi hutumia njia ya kaboni tatu, ambayo katika joto hupoteza sehemu ya kazi yake. Miongoni mwa mboga za kila siku za pwani, mchicha ndio wenye njia moja na ndago. Mchicha uliopandwa kwa kusongamana huinuka upesi na kuifunika ndago mapema, na mkulima anayeanza tuta lenye ndago kwa mchicha, kisha akafuatisha vitunguu, amefanya vyema kuliko anayeanza na vitunguu.

Mbolea nayo si dawa. Okafor na De Datta, waliofanyia kazi yao Filipino na kuitangaza mwaka 1976, waliichunguza ndago ikigombana na mpunga wa nchi kavu juu ya naitrojeni, unyevu na mwanga, wakaona kwamba mbolea iliyokusudiwa mpunga iliinufaisha ndago vile vile. Bustani za mjini hutiliwa samadi ya kuku kwa ukarimu na kunyweshwa maji mepesi ya juu juu kila jioni, yaani ndago huandaliwa karamu pale pale ilipo.

Hukumu yangu basi ni kwamba hasara nyingi ya tuta la mjini ni ya njaa, na kubwa yake hutokea chini ya ardhi na katika majuma ya mwanzo, kabla jirani hajapata majani ya kujifunika. Sumu siikatai, naipa nafasi pale tu ambapo viazi vingi vimekatwakatwa na kufukiwa kwa pamoja, navyo vinaoza. Mwenye tuta la namna hiyo ni heri asubiri majuma machache kabla ya kusia mbegu, na kusubiri huko kutamfaa iwe kosa ni la kemikali au ni la vijidudu walao naitrojeni. Bora zaidi avichimbue kwa uma wa bustani wakati wa kiangazi, avitoe na nyuzi zake nzima nzima na kuvianika juani, kwa kuwa kiazi kilichokauka kabisa hakiamki. Na udongo au samadi iletwayo na gari aipitishe kwanza katika chekeche ya waya, kwa sababu ndago ni nadra kuenea kwa mbegu, na mara nyingi huingia uani ikiwa kiazi ndani ya shehena ambayo mwenye bustani ameinunua mwenyewe.