Kiwango, Kasi na Uwiano: Uhakiki wa Istilahi za Sera ya Fedha

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi nne za uchumi: ukwasi, mfumuko wa bei, mdororo wa uchumi na ukosefu wa ajira. Istilahi hizi si ngeni. Zimo katika hotuba za bajeti, katika taarifa za Benki Kuu na katika magazeti ya kila siku, na hatukusudii kupendekeza zifutwe. Swali letu ni moja tu: zikikutanishwa katika sentensi moja, je, zinamwezesha mwananchi kuona jambo lipi linasababisha lipi?

Mifano yetu tumeichota Moshi na katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Tumefanya hivyo kwa sababu mkulima wa huko si mgeni wa mambo ya fedha. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha kwanza mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika, yaani KNCU. Kwa vizazi kadhaa wamekuwa wakiuza zao ambalo bei yake hupangwa mbali na nchi yao, na mnada wa kahawa umekuwa ukifanyika mjini mwao. Mtu wa namna hiyo akisikiliza taarifa ya uchumi katika lugha yake asiielewe, haifai kuilaumu elimu yake. Yafaa kwanza kuutazama msamiati tuliompa.

Tuichukue sentensi hii, ambayo tumeitunga kwa mfano wa zile zinazosomwa redioni: "Benki Kuu imepandisha riba ili kupunguza ukwasi na kushusha kiwango cha mfumuko wa bei, bila kuleta mdororo wa uchumi wala kupandisha kiwango cha ukosefu wa ajira." Kisarufi sentensi haina dosari. Kwa mtaalamu iko wazi. Tuone inavyomfikia asiye mtaalamu.

Ukwasi

Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966, na sheria yake ya mwaka 2006 inaitaka itangulize lengo la kuweka utulivu wa bei. Tangu Januari 2024 chombo chake kikuu cha kazi hiyo ni Riba ya Benki Kuu, iliyoanza kwa asilimia 5.5, ikapandishwa kuwa asilimia 6 mwezi Aprili mwaka huo, na Julai 2025 ikashushwa kuwa asilimia 5.75. Riba hiyo ikipanda, benki za biashara hupata fedha kwa gharama kubwa zaidi, nazo huwatoza wakopaji zaidi. Mikopo hupungua, ununuzi hupungua, na muuzaji hushindwa kupandisha bei upesi kama alivyokuwa akifanya.

Hali ya kuwapo fedha zilizo tayari kutumika katika mabenki ndiyo iitwayo ukwasi. Hapa pana tatizo la wazi. Katika Kiswahili cha zamani, na hata leo kwa wajuao lugha ya washairi, mkwasi ni tajiri na ukwasi ni utajiri. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba Benki Kuu inapunguza ukwasi ana haki ya kuelewa kwamba Serikali imeamua kuwafukarisha watu wake. Kilichokusudiwa ni jambo jingine kabisa. Mtu aweza kuwa na kihamba kizuri, migomba, mibuni na ng'ombe wawili wa maziwa, asiwe na shilingi ya kulipa ada ya mtoto wiki hii. Huyo ana mali, ila fedha za mkononi hana. Kinachopungua riba inapopanda ni hizo fedha za mkononi.

Mfumuko wa bei

Nguo hufumuka pale uzi wa mshono unapokatika. Neno mfumuko basi lina picha ya jambo linalotokea mara moja na ambalo fundi aweza kulirudisha katika hali yake. Msikilizaji akiambiwa kwamba mfumuko umedhibitiwa, hutazamia nguo imeshonwa, yaani bei zimerudi zilipokuwa. Akienda soko la Mbuyuni au la Kiboriloni na kukuta sukari ingali ghali, huondoka akiamini kwamba amedanganywa.

Tuangalie mfano wa kweli. Kwa takwimu za Taifa, mfumuko wa bei wa mwaka ulioishia Desemba 2011 ulikuwa asilimia 19.8, Desemba 2012 ulikuwa asilimia 12.1, na Desemba 2013 asilimia 5.6. Ilikuwa sahihi kusema kwamba mfumuko ulishuka mno. Lakini kapu la bidhaa lililonunuliwa kwa shilingi 1,000 mwishoni mwa mwaka 2010 lilifika shilingi 1,198 baada ya mwaka mmoja, kisha 1,343, kisha 1,418. Katika miaka yote hiyo bei hazikushuka. Kilichoshuka ni kasi ya kupanda kwake. Basi mwananchi aliyelalamika na mtakwimu aliyetangaza walikuwa wakisema kweli wote wawili, na lugha haikuwapa njia ya kusikilizana.

Neno hili lina upungufu wa pili: halionyeshi kwamba linahusu bei zote kwa pamoja. Mvua zikikosekana na ndizi zikapanda bei mjini Moshi, huo ni uhaba wa ndizi, na hakuna riba inayoweza kuleta mvua. Tena bei za aina mbalimbali zaweza kwenda njia tofauti. Julai 1989 mfumo wa migao ya mauzo chini ya Mapatano ya Kimataifa ya Kahawa ulivunjika, na bei ya kahawa duniani ikaanguka. Wakati huohuo bei za bidhaa nchini zilikuwa zikipanda kwa zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Mkulima wa Kilimanjaro alikuwa ndani ya mfumuko wa bei huku bei ya zao lake ikiporomoka, na wako waliong'oa mibuni wakapanda mazao mengine. Kumweleza mtu huyo kwamba "bei zimefumuka" bila kutaja ni bei zipi ni kumwongezea kitendawili. Wala hatuwezi kujiokoa kwa kusema "bei ya jumla", kwa kuwa maneno hayo yamekwisha kushikwa na wafanyabiashara kwa maana ya bei isiyo ya rejareja.

Yafaa kukumbuka kwamba jina la jambo hubeba pia hukumu juu ya chanzo chake. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, bei zilipokuwa zikipanda kwa takriban asilimia 30 kwa mwaka na bidhaa zikiwa adimu madukani, maneno yaliyotawala yalikuwa ulanguzi, magendo na, tangu mwaka 1983, uhujumu wa uchumi. Maneno hayo yalimtafuta mtu wa kushikwa. Walanguzi walikuwapo, hapana shaka. Lakini upungufu wa bajeti uliojazwa kwa mikopo ya benki haukuwa na neno la kawaida midomoni mwa watu, na kwa hiyo haukujadiliwa nao. Mfumuko una ubora wake hapa, kwa maana haumshtaki yeyote. Lakini neno lisilomshtaki yeyote laweza pia kuficha kwamba kuna maamuzi yaliyofanywa na watu.

Mdororo wa uchumi

Kudorora ni kulegea na kukosa nguvu. Kitu kilichodorora bado chaenda, ila polepole. Katika matumizi ya sasa, hata hivyo, mdororo hutajwa kwa hali mbili zisizofanana: uchumi unaokua kwa kasi ndogo kuliko mwanzo, na uchumi ambao pato lake lenyewe limepungua. Baadhi ya waandishi huongeza kuzorota, mtikisiko, msukosuko na kuporomoka kama kwamba yote ni visawe.

Mwaka 2020 unatuonyesha hasara ya mchanganyiko huo. Katika hesabu za mwaka mzima uchumi wa Tanzania haukupungua: ulikua kwa chini ya asilimia 5, baada ya kukua kwa takriban asilimia 7 mwaka 2019. Lakini watalii walioingia nchini walipungua kutoka takriban milioni 1.5 hadi takriban 620,000, na mjini Moshi waongozaji na wapagazi wa mlimani wakakosa safari. Kwa hesabu za Taifa kasi ilipungua. Kwa mpagazi pato lenyewe lilikatika. Neno moja, mdororo, lilitumika kwa yote mawili, na kila upande ukauona mwingine unapotosha.

Ukosefu wa ajira

Ajira ni kufanya kazi kwa mtu kwa malipo. Kijana anayeamka alfajiri kukata majani ya ng'ombe, kusafisha mfongo wa maji na kupalilia kihamba cha baba yake ana kazi hadi jua linatua, lakini ajira hana. Watakwimu wanapohesabu watu hawa hawawaweki wote katika kundi moja. Kwa kanuni ya kimataifa, anayehesabiwa katika kundi hilo ni mtu asiyefanya kazi, aliye tayari kufanya kazi na anayeitafuta. Kijana wetu, ikiwa mazao yake huuzwa, huhesabiwa kuwa ana kazi, ijapokuwa wazazi na majirani husema hana ajira. Hapo tarakimu hupingana na mtaa mzima, na kosa ni la jina.

Tena tarakimu hiyo ni sehemu ya nguvukazi, si sehemu ya watu wote. Yaweza kushuka kwa sababu watu wamepata kazi. Yaweza kushuka pia kwa sababu wamekata tamaa ya kutafuta. "Kiwango kimeshuka" hakituambii ni lipi kati ya hayo lililotokea.

Kiini cha tatizo

Msomaji atakuwa ameona kwamba neno moja limejirudia katika kasoro hizi: kiwango. Tunasema kiwango cha bei, tukiwa na maana ya bei zilipofikia. Tunasema kiwango cha mfumuko, tukiwa na maana ya mwendo wa bei. Tunasema kiwango cha ukosefu wa ajira, tukiwa na maana ya sehemu katika mia. Mambo haya matatu ni tofauti kama vile kimo cha mlima, mwendo wa mpandaji na idadi ya waliofika kileleni katika kila mia walioanza safari. Kuyaita kwa neno moja ni kumnyang'anya msomaji chombo cha kufikiri.

Wala hasara si ya nadharia. Uhusiano wa sera ya fedha na maisha ya watu ni suala la kuchagua gharama ya kubeba. Marekani, chini ya Paul Volcker tangu 1979, Benki Kuu ilibana fedha kwa nguvu. Kasi ya kupanda kwa bei, iliyokuwa zaidi ya asilimia 13 mwaka 1980, ilishuka hadi takriban asilimia 3 mwaka 1983. Lakini pato la nchi lilipungua, na mwishoni mwa mwaka 1982 wasio na kazi walifika asilimia 10.8 ya nguvukazi. Taifa linalotaka kujadili uchaguzi wa namna hiyo halina budi kuwa na lugha inayotaja faida na gharama bila kuzichanganya. Raia asiyejua kwamba kinachoshushwa ni kasi hawezi kuamua kama gharama yake inastahili kulipwa.

Mapendekezo

Kwanza, kiwango kibaki kwa maana ya mahali jambo lilipofikia, kama kiwango cha bei. Pili, kasi itumike kwa mabadiliko katika muda. Mfumuko wa bei uendelee kutumika, kwa kuwa umeenea, ila katika taarifa za umma utanguliwe na kasi na ufafanuliwe mara ya kwanza kuwa ni kasi ya kupanda kwa bei kwa ujumla. Tatu, uwiano utumike kwa sehemu katika mia, tuseme uwiano wa wasio na kazi. Nne, mdororo uwe wa ukuaji uliopungua kasi tu, na pato linapopungua lenyewe tuseme mnyweo wa uchumi, kwa kuwa kilichonywea kimekuwa kidogo kuliko kilivyokuwa. Tano, ukwasi ubaki katika vitabu vya mabenki. Mbele ya umma tuseme fedha zilizo tayari kutumika.

Sentensi yetu sasa yaweza kusomwa hivi: "Benki Kuu imepandisha riba ili fedha zilizo tayari kutumika zipungue na bei zipande kwa kasi ndogo zaidi, bila pato la nchi kunywea wala uwiano wa wasio na kazi kuongezeka." Atakayesema kwamba ni ndefu kidogo hatukatai. Lakini mkulima wa Kibosho au Marangu aweza sasa kuuliza maswali yaliyo ya haki yake: kwa kasi gani, kwa muda gani, na ni nani atakayekosa kazi katika muda huo.

Mnyweo ni pendekezo jipya, na huenda wasomaji wana neno bora zaidi, hasa walio karibu na masoko na vyama vya ushirika. Tunawaomba watuletee, pamoja na sentensi ambamo neno hilo limetumika.