Moka si espresso, lakini kosa si yake

Wandugu, kafetiera ya Moka, ile ya kuweka juu ya mbabula, haitoi espresso. Espresso inaomba presha ya bari 9. Moka inafikisha 1 na nusu hivi. Minaipenda tu. Chenye kinaharibu kikombe ni unga uliosagwa zamani, harufu imeshaishia mu sashe. Ata mashini ya bei kali haiokoi ile.

Mwenye kuwa na mashini apime: unga gramu 18, kikombe gramu 36, sekunde 25 mpaka 30. Ikikimbia, saga laini zaidi. Ikichelewa, ongeza unene kidogo.

Na arabika ya Idjwi? Inatoka mbichi, inaenda Ulaya. Sisi baagronome tunakunywa ya kuyeyusha, ya bwate!